Tupeane uzoefu: foleni ya mchezo mpya kwenye bustani za burudani, ni mfumo gani ulikutendea haki?

Zamu Yangu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni mpenzi wa rola kosta, zile treni za kasi za bustani za burudani, tangu siku niliyofikisha urefu wa kuruhusiwa kupanda. Mchezo mpya ukifunguliwa, nafika geti bado limefungwa. Kusimama hakunisumbui. Kilichonifanya nianzishe uzi huu ni kisa cha msimu uliopita.

Nilikwenda na mpwa wangu wa miaka tisa kwenye bustani moja ambayo sitaitaja. Mchezo mpya ulikuwa hauna foleni ya kusimama kabisa. Unaingia kwa programu ya simu, saa moja kamili asubuhi, unapewa namba ya kundi, unaitwa zamu yenu ikifika. Saa moja kasoro dakika mbili nilikuwa nimeshika simu, yeye amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu amevaa tayari. Saa moja kamili nikabonyeza. Kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Kisha maandishi: makundi ya leo yamejaa.

Akaniuliza, "Mjomba, kwani tumechelewa?"

Hatukuchelewa. Na hapo ndipo nilipokosa la kumwambia. Kwenye foleni ya miguu ukiwa nyuma unajua sababu: aliye mbele yako alifika kabla yako, unamwona mgongo. Kwenye simu sote tulifika saa moja, na bado wengine wakawa mbele.

Naomba tupeane uzoefu. Msiseme tu mfumo huu mzuri, ule mbaya. Semeni kilichowapata.

Mama Mapacha

Pole kaka, na mpe pole huyo mtoto.

Changu kilitokea kwenye foleni ya kawaida. Nilisimama na mapacha wangu saa tatu nzima, jua la utosi. Getini kulikuwa na kibao cha urefu, mhudumu akawaangalia kwa macho tu akasema piteni. Tumefika juu kabisa, treni tunaiona, mhudumu mwingine akatoa kipimo. Kulwa akapita. Doto akakosa kidogo sana, upana wa kidole. Wote wawili walilia, mmoja kwa kukosa na mwingine kwa kumwonea huruma mwenzake, wakateremka kwa ngazi ya pembeni.

Sikatai kipimo, ni usalama wa watoto wangu. Ninachokataa ni kupimwa mwisho wa foleni badala ya mwanzo. Bustani nyingine tuliyokwenda baadaye walimpima kila mtoto getini, bila viatu, wakamfunga mkanda wa karatasi mkononi wenye rangi ya kiwango chake. Juu hakuna aliyebishana, mhudumu anaangalia rangi basi. Na kwa yule asiyefikia, wakatupa utaratibu wa kupokezana: baba anapanda na mmoja, mimi nakaa na mwingine, akishuka mimi naingia bila kupanga upya. Foleni tulipanga mara moja tu, kama familia. Hapo niliona haki, ingawa dakika tulizosubiri zilikuwa nyingi kuliko za mwanzo.

Mlinda Makutano

Wakuu, mimi nilikuwa upande wa pili wa kamba. Nimefanya kazi misimu minne kwenye mchezo mkubwa, na muda mwingi nilipangwa pale foleni mbili zinapokutana, ya kawaida na ya haraka. Niwape picha ya mahesabu kwanza, maana bila hayo tutalaumu kisicholaumika.

Chukua treni ya viti 24. Ikiondoka kila baada ya sekunde 60, kwa saa moja unapandisha watu 1,440. Sasa abiria mmoja akisumbuka na mkanda, mwingine arudi kuweka begi, treni iwe inaondoka kila baada ya sekunde 90. Mnashuka hadi 960. Watu 480 wamepotea ndani ya saa moja na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana tunawahimiza mkae haraka, si ukali.

Foleni ya simu haiongezi kiti hata kimoja. Mchezo wa 1,440 ukifanya kazi saa 12 bila kusimama unapandisha watu 17,280. Siku ya watu elfu thelathini, karibu nusu hawatapanda, muwapange kwa simu, kwa kamba au kwa namba za karatasi. Mfumo unaamua ni nani atakosa, na atajua saa ngapi kwamba amekosa.

Njia ya haraka nayo iko hivi. Tuseme viti 1,000 kati ya vile 1,440 vimeshatolewa kwa walio na muda maalumu. Waliosimama wamebaki na 440. Mtu mwenye wenzake 440 mbele yake, ambaye angefika juu kwa dakika 18 kama foleni ingekuwa moja, sasa anasubiri saa nzima. Yeye haoni hesabu hiyo. Anaona kamba yake haisogei na watu wanampita wakitembea.

Siku ngumu kuliko zote ni ile mchezo umesimama kwa hitilafu halafu ukarudi. Wote ambao muda wao ulipita wakati tumefunga wanarudi kwa pamoja, na redioni naambiwa wapitishe. Kuna siku nimeshika kihesabio, nabonyeza kila kichwa kinachopita, na hatua mbili kutoka kwangu amesimama baba mmoja, mtoto amemlalia begani, mkono wa mtoto unaning'inia. Kwa dakika ishirini na tano sikumpitisha hata mtu mmoja wa upande wake. Hakunitukana. Alikuwa anabadilisha bega tu, kulia, kushoto, kulia. Mpaka leo namkumbuka yule baba.

Nilichojifunza: watu wanavumilia kungoja wakielezwa. Kile kibao cha getini kinachosema dakika 60 kiandikwe ukweli. Na hitilafu ikitokea, wale wa nyuma waambiwe mapema ili wachague wenyewe kubaki au kuondoka.

Mpanda Pekee

Ufupi wa maneno: foleni ya mmoja mmoja. Safu ya viti vinne, familia ya watu watatu, kiti kimoja kingeondoka kitupu. Wananiita mimi. Simnyang'anyi mtu zamu yake. Mchezo ambao foleni kuu ilikuwa dakika 120 nimewahi kuingia kwa 35. Masharti: hutachagua kiti na hutakaa na mwenzako. Kila mchezo mpya ungekuwa nayo tangu siku ya kwanza ningeshukuru.

Mzee wa Geti

Zamu Yangu, mimi bado naamini miguu kuliko simu.

Mkumbuke mwaka 2019 pale Orlando, Florida, Marekani, kwenye bustani za Universal na Disney. Tarehe 13 Juni Universal walifungua rola kosta ya Hagrid, yule wa hadithi za Harry Potter, foleni ikafika saa 10. Saa kumi za kusimama! Desemba 5 mwaka huo huo Disney wakafungua Rise of the Resistance, mchezo wa Star Wars, na hawakutaka yale, wakatumia makundi ya simu. Lakini siku za mwanzo ilibidi uwe ndani ya bustani ndipo uombe kundi, kwa hiyo watu wakaamka usiku wa manane, na makundi yakawa yanaisha ndani ya dakika chache baada ya kufunguliwa. Foleni haikufutwa, ilihamia nje ya geti, gizani. Baadaye wakaruhusu kuomba saa moja asubuhi ukiwa popote, na duru ya pili saa saba mchana. Wakaendelea hivyo mpaka Septemba 2021 walipoyaweka makundi pembeni, wakarudisha foleni ya kawaida.

Mimi niliwahi kusimama saa sita kwenye ufunguzi wa mchezo mmoja. Kufikia saa ya pili tulishakuwa majirani. Mama wa mbele yangu alinishikia nafasi nikaenda msalani, nami nikamshikia. Walipokuja vijana watano kuchomekea eti wanamfuata mwenzao, hakuna aliyepandisha sauti. Mama yule aliweka tu mkono kwenye kamba akasema, "Wanangu, mwenzenu atoke awafuate huko nyuma." Wakageuka. Simu haina mama wa namna hiyo. Mwenye simu tano na intaneti kali anachomekea saa moja kamili na hakuna anayemwona.

Natembea Pole

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu, lakini saa sita za miguu ni haki kwa mwenye miguu.

Mimi siwezi kusimama zaidi ya dakika ishirini. Foleni ikiwa ya kusimama tu, mchezo mpya si wangu, tumemaliza. Mfumo ulionipa nafasi ni ule wa kwenda getini, mhudumu anaangalia foleni ina dakika ngapi, anaandika nirudi baada ya dakika hizo. Kama ni 90, nasubiri 90 kama wengine, isipokuwa nimekaa kivulini.

Kuna historia hapa ambayo watu wengi hawaijui. Bustani za Disney za Marekani zamani zilikuwa na kadi iliyowawezesha wenye ulemavu kuingia karibu moja kwa moja. Ikatumiwa vibaya, hadi zikatoka habari za familia zenye fedha kukodi mtu mwenye ulemavu awapitishe. Oktoba 2013 kadi ile ikaondolewa, ukaja huu utaratibu wa kupewa muda wa kurudi. Waliodanganya walitafuta njia nyingine. Sisi wenye shida kweli ndio tunaoendelea kujieleza kwenye dirisha, mbele ya watu, kila safari. Nikipita njia ya pembeni nasikia mtu ananong'ona kwamba naonekana mzima. Amesimama dakika 90, ana haki ya kuchoka. Natamani tu ajue kwamba nami nimezisubiri zile zile.

Safari Moja

Natanguliza samahani kwa wanaochukia njia ya kulipia. Mimi huilipia. Kazi yangu inanipa likizo mara moja kwa mwaka, najinyima ili siku hiyo moja wanangu wapande. Nikipoteza saa tatu kwenye mchezo mmoja, siku imekwisha. Nimelipa, nimepata, sijamwibia mtu.

Mama Mapacha

Safari Moja, ndugu yangu, hujaiba na mimi sikulaumu wewe. Ila soma tena hesabu za Mlinda Makutano. Yale ya 440. Dakika ulizookoa hazikutoka hewani, zilitoka kwa mtu aliye upande wa pili wa kamba, na huyo naye anayo likizo moja.

FastPass, njia ya haraka ya Disney, ilipoanza mwaka 1999 ilikuwa bure. Unachoma tiketi yako kwenye mashine, unapewa kikaratasi cha kurudi muda fulani. Tajiri na maskini kikaratasi kimoja. Tangu 2021 pale Florida bure hiyo haipo tena, unalipia. Kwangu mimi mpaka uko hapo hapo: zamu kupewa kwa kuwahi, au zamu kuuzwa.

Safari Moja

Nimekuelewa, dada. Pengine wangeuza chache tu, na watangaze ni viti vingapi. Hilo ningelikubali hata mimi ninayelipa.

Zamu Yangu (mwanzisha uzi)

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Yule baba wa kwenye makutano amenikaa kichwani.

Baada ya kuwasikia, nimefika hapa. Mbio za saa moja kamili ni kura iliyojificha ndani ya mavazi ya kuwahi. Basi iwe kura ya wazi. Dirisha lifunguliwe jioni yote ya siku inayotangulia, uombe saa mbili au saa nne usiku ni sawa tu, kisha majibu yatoke kabla watoto hawajalala. Si jambo geni, Tokyo Disney wanagawa viti vya baadhi ya maonyesho kwa bahati nasibu ndani ya programu yao. Na sehemu ya viti ibaki kwa foleni ya miguu, ili anayekosa kura awe na pa kwenda, na asiye na simu nzuri pia. Mpwa wangu ningemwambia "hatukupata kura" naye angeelewa. Kura anaijua, wanapiga shuleni kuamua nani aanze na mpira.

Niwamalizie kisa chake. Tulirudi miezi minane baadaye, mchezo ule umeshawekewa foleni ya kusimama. Tulisimama kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Katikati akamgeukia dada aliyekuwa mbele yetu akamuuliza alifika saa ngapi. Dada akamwambia saa tatu na robo. Yeye akaangalia saa yangu, sisi tulifika saa tatu na dakika ishirini. Akasema, "Haya, wewe kwanza," akakaa chini kumalizia juisi yake.

Mlinda Makutano, swali moja kama bado upo: mchezo ukisimama tukiwa katikati ya foleni, tuondoke au tubaki?

Mlinda Makutano

Nipo mkuu. Usiondoke kimya kimya. Mtafute mhudumu kwanza umuulize kama wanatoa karatasi ya kurudi kwa waliokuwa ndani ya foleni, maana bustani nyingine hutoa na hawatangazi kwa sauti. Ukishapita kamba ya nje bila kuuliza, hana namna ya kujua kwamba ulikuwepo. Na kama una mtoto mgongoni, mwambie. Sisi tunawaona, ila mara nyingi tunangoja mseme.