Wauzaji wa simu wanaotuuzia mipango ya mafao finyu na kuiita bima kamili ya afya

Ndugu wanajukwaa, hasa mnaoishi Marekani,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Shemeji yangu, ambaye anaendesha lori huko Texas kwa mkataba wa kujitegemea, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo akiwa na kadi ya bima aliyokuwa akiilipia dola 289 kila mwezi. Bili ya hospitali imezidi dola 30,000. Hiyo inayoitwa bima yake imetoa dola 100 kwa kila siku aliyolazwa na dola 500 za upasuaji, na kwa mujibu wa mkataba ambao walimtumia baada ya kubanwa sana, wajibu wao umeishia hapo. Muuzaji aliyempigia simu alimhakikishia kwamba hiyo ni bima kamili, kwamba karibu kila daktari na kila hospitali wataipokea, na kwamba hata matibabu ya kisukari chake yamo ndani.

Alichouziwa ni mpango wa mafao yenye kikomo, ambao hulipa kiasi kilichopangwa mapema kwa kila tukio bila kujali matibabu yamegharimu kiasi gani, na salio lote humwangukia mgonjwa. Bima inayofuata sheria ya mwaka 2010, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Obamacare, humwekea kikomo mgonjwa, si kampuni: katika mwaka mmoja kuna kiwango ambacho akishakifikisha kwa matibabu yanayotambuliwa na bima hiyo, hatoi zaidi. Sheria hiyo pia inailazimu bima kugharamia dharura, kulazwa, uzazi na dawa, na inakataza mtu kunyimwa bima kwa sababu ya ugonjwa aliokuwa nao tangu awali. Mipango finyu haibanwi na masharti hayo. Kuiuza si kosa, na mtu mwenye bima kamili anaweza kuichukua kama nyongeza, lakini kumwambia mtu asiye na bima yoyote kwamba hiyo ndiyo bima kamili ni wizi wa mchana kweupe.

Naomba mwelewe jinsi simu yenyewe inavyopangwa, kwa sababu ubaya wote umejificha humo. Shemeji alikuwa akitafuta bima kwenye intaneti, akajaza jina na namba yake katika tovuti iliyoonekana kama ya serikali, na simu zikaanza kumiminika. Muuzaji alizungumza naye kirefu, kwa upole, akamwita kaka, akajibu kila swali kwa ahadi. Kisha akamweleza kwamba atamhamishia kwa mtu wa uhakiki, na kwamba ajibu "ndiyo" kwa kila kitu, kwani akianza kuuliza maswali mfumo utalikataa ombi lake. Ni hapo tu ndipo kurekodi kulipoanza. Mtu wa pili alisoma maelezo marefu kwa Kiingereza cha kasi, na katikati yake ndimo yalimopachikwa maneno kwamba mpango huo si bima kamili. Leo tukilalamika, kampuni inatuchezea sauti ya shemeji akisema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Tunapoomba mazungumzo ya kwanza, yale ya ahadi, tunajibiwa kwamba hayakurekodiwa.

Kinachoniuma kuliko hata bili ni siku sitini. Shemeji alikuwa ametoka kwenye ajira iliyokuwa na bima, na mtu anayepoteza bima ya kazini hupewa siku 60 za kujiandikisha katika soko la bima la serikali, bila kusubiri msimu wa kawaida unaofunguliwa tarehe 1 Novemba. Alikuwa na haki hiyo mkononi wakati anapigiwa simu. Muuzaji alimwambia kwamba bei ile inaisha siku hiyohiyo, akachukua namba ya kadi ya benki, na kuanzia hapo shemeji akaacha kutafuta kwa kuwa aliamini ameshapata. Tulipokuja kuugundua ukweli, dirisha lilikuwa limefungwa zamani. Kwa hiyo hawakuchukua dola 289 za kila mwezi tu. Walimnyang'anya bima halisi ambayo angeweza kuipata.

Wapo watakaosema kwamba angesoma mkataba. Mkataba gani, ikiwa malipo yalichukuliwa kabla ya karatasi yoyote kutumwa? Na wala jambo hili si la mgeni asiyejua Kiingereza. Mwaka 2018 Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, iliishtaki kampuni ya Simple Health ya Florida kwa kuwauzia watu mipango ya namna hii kama bima kamili, wengine wakitozwa hadi dola 500 kwa mwezi, na mwaka 2024 mahakama ikaamuru walipe dola milioni 195. Mwaka 2022 kampuni ya Benefytt ilikubali kutoa dola milioni 100 za kuwarudishia wateja. Waliodanganywa humo ni Wamarekani waliozaliwa na lugha hiyo. Nazitaja kesi hizi kwa sababu ziko wazi kwa umma, si kwa maana kwamba ndizo zilizompigia shemeji.

Ninachodai ni kwamba mazungumzo yote yarekodiwe tangu salamu, na kwamba isiwe halali kugusa kadi ya mteja kabla hajapokea mkataba na kupewa muda wa kuusoma. Mpaka hapo, yeyote anayekuuzia bima kwa simu mwambie akutumie mkataba kwanza. Akikwambia haiwezekani, kata simu. Soko la serikali lina namba yake, 1-800-318-2596, na ukiomba mkalimani unapewa bila malipo.

Kwa wale ambao tayari wamenaswa: zuieni makato benki, tunzeni ujumbe wote mliotumiwa, na pelekeni malalamiko kwa idara ya bima ya jimbo lenu na kwa FTC, hata kama kampuni imeahidi kuwarudishia mwezi mmoja ili mnyamaze. Kama hospitali ni ya kutotafuta faida, sheria inailazimu kuwa na utaratibu wa msaada wa malipo, na maombi hupokelewa hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya matibabu. Sisi fomu hiyo tumeshaiwasilisha. Mwenye uzoefu wa kupata rekodi ya mazungumzo ya kwanza, ama kupitia idara ya bima ama kupitia mwanasheria, naomba aandike hapa chini aliipataje.