Mwalimu wangu anataka kusoma riwaya yake mwenyewe studioni kwangu. Namwongozaje, na namtoza vipi?

Mtoto wa Ngamiani:

Wakuu habari za jioni. Niko Tanga mjini, nina kistudio cha chumba kimoja huku Ngamiani. Kazi zangu za kila siku ni kaswida, matangazo ya maduka na vijisauti vya harusi. Sasa nimepata kazi ya namna nyingine na nimekwama. Mitambo naiweza, nilichokwama ni adabu.

Kuna mwalimu wangu wa shule ya msingi, mama mtu mzima, amestaafu. Ameandika riwaya ya familia moja kwenye shamba la mkonge, enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba. Ameichapisha kwa pesa yake mwenyewe, na kwa kuwa wenzake wengi macho yamechoka, anataka na kitabu cha kusikiliza. Kurekodi mimi, kuhariri mimi, kuongoza mimi.

Anataka asome mwenyewe. Sasa mwalimu huyu akikaa barazani akakuhadithia, chai inapoa mkononi. Akishika karatasi anageuka, anasoma imla: kila neno uzito uleule, kila nukta anasubiri darasa limalize kuandika. Nyapara anamtukana mtu kwa imla. Bibi harusi analia kwa imla.

Nikitaka kusema "rudia" ulimi unakuwa mzito. Huyu mama namwamkia shikamoo tangu nina kaptula, leo nimkatize katikati ya sentensi? Kuna mahali alitaja jina la mhusika silo, nikanyamaza.

La pili ni bei. Kaswida natoza kwa wimbo. Kitabu je? Kuna jamaa ananishauri nisichukue hela mbele, tugawane mauzo. Mwalimu anauza kwenye magrupu ya WhatsApp, watu wanamlipa kwa simu.

Nasubiri wajuvi.

Kifaru Mpole:

Mwambie mashine imekwaruza. Kila akikosea, mashine imekwaruza. Uzi ufungwe.

Mtoto wa Ngamiani:

Nilishajaribu mkuu. Akaniuliza kwa nini nisinunue mashine nyingine.

Msanii wa Kaole:

Hahaha, mwalimu hadanganywi. Kaka, niko Bagamoyo, nimesomea maigizo pale TaSUBa, chuo cha sanaa, na vitabu vya sauti nimevifanya pande zote mbili, kusoma na kuongoza. Hilo la mashine liache kabisa. Msomaji akihisi anafichwa jambo anaanza kusoma kwa hofu, na hofu inasikika kuliko kosa.

Kabla hujawasha maiki, nenda kwake. Kwake, siyo studioni. Mwambie: "Mwalimu, humo ndani mimi ndiye msikilizaji wako wa kwanza. Nikinyoosha kidole, ujue sijaelewa." Basi. Sijawahi kuona mwalimu aliyemkasirikia mtoto kwa kunyoosha kidole. Utanyoosha mara mia na atarudia mara mia, tena atakuuliza hujaelewa wapi. Hapo ndipo unapomwambia.

Halafu usithubutu kumsomea sentensi ili akuige. Hilo ndilo linaloua wasomaji wengi, mwongozaji anasema "sema hivi" na yule anakuwa kasuku. Muulize: hapa nani anamwambia nani? Nani mwingine yupo anasikia? Nyapara anayemtukana mtu mbele ya manamba wenzake hatukani kama yule aliye naye peke yake kwenye katani. Mwalimu kaandika mwenyewe, jibu analo. Akishakujibu, kabla hajapoa, mwambie "haya, tusome".

Dawa ya imla ninayoijua mimi ni hii. Mwache afunge karatasi akuhadithie sura nzima kwa mdomo, kama barazani. Rekodi hata hiyo, siyo ya kutumia. Kisha afungue karatasi asome palepale. Na asisomee ukuta. Mweke mtu mbele yake, mjukuu au jirani, yeyote anayeweza kukaa kimya. Watangazaji wa redio ni wabaya zaidi yake, nakuhakikishia, maana wao wanasomea taifa zima. Mwalimu ukimpa mtu mmoja wa kumtazama usoni, nusu ya shida imekwisha.

Sauti za wahusika: asibane pua kumwiga msichana, wala asiungurume kumwiga mzee. Abadilishe mwendo na nia tu. Na kama humo kuna manamba wa Kigoma, lafudhi yao isiwe kichekesho. Mtu wa Kigoma naye atanunua kitabu.

Bi Mkubwa wa Chumbageni:

Mwanangu Mtoto wa Ngamiani, nimekusoma. Nani kakwambia sisi wazee tunachukia kusomewa polepole? Hizo sauti zenu za mbiombio tunazikimbia. Upole wa mwalimu wako usiuue, ondoa ule usawa wa kila neno tu.

Na mambo ya mwili uyajue, maana yeye hatakwambia. Bangili avue, zinalia kila akisogeza mkono. Kitenge kipya chenye gamu kinachakacha, avae kilichochakaa. Chai ya maziwa kabla ya kusoma inaleta ute mdomoni, mpe maji ya uvuguvugu, na ayanywe mapema, asisubiri mpaka koo likauke. Kama ana meno ya kuvaa na yanagonga, zungumza na binti yake, usizungumze naye. Asubuhi tu. Mtu mzima baada ya adhuhuri sauti inashuka, na kesho yake utaona sura ya tatu imesomwa na mama na ya nne na bibi.

Mtoto wa Ngamiani:

Shikamoo Bi Mkubwa. Hilo la bangili ndilo lililonisumbua wiki nzima, nikadhani ni waya.

Bi Mkubwa wa Chumbageni:

Marahaba. Waya gani, bangili hizo.

Fundi Waya:

Bi Mkubwa kamaliza, mimi naongezea ya chumba. Kaswida inasamehe kelele ndogo kwa sababu ina dufu na sauti nyingi. Kitabu ni sauti moja tupu, saa na saa, mtu kaweka spika masikioni. Kila kitu kinasikika.

Tanga adui ni wawili, kunguru na mabati. Kunguru akitembea juu ya bati ni kama mtu kavaa viatu. Alfajiri na magharibi ndio wamejaa, kwa hiyo saa tatu asubuhi hadi saa tano na nusu ndio muda wako. Adhana haina shida, ratiba yake unaijua, unapanga mapumziko. Mvua ikianza funga kazi, usijidanganye kwamba utaifuta baadaye. Feni na kiyoyozi vipooze chumba kabla, ukibonyeza rekodi vizimwe. Magodoro mawili nyuma ya msomaji na blanketi zito mbele yanatosha kuliko yale masponji ya mapambo.

Maiki: ikiwa chumba chako hakijatulia, dainamiki ni salama kuliko kondensa, maana kondensa inaokota mpaka bodaboda ya mtaa wa pili. Shubiri moja toka mdomoni, iwe pembeni kidogo ya mdomo, isitazamane nao, ili zile p na b zisipulize. Bandika teipu sakafuni, kiti kisihame. Kila asubuhi msikilizishe dakika mbili za mwisho za jana kabla hajaanza, arudi kwenye sauti ileile. Na kila siku rekodi nusu dakika ya chumba kikiwa kimya bila mtu kusema. Ukikata kikohozi utahitaji ukimya wa kuziba hapo, na ukimya wa jana haufanani na wa leo.

Vipimo tumia vya ACX, ile ya Audible, duka la mtandaoni la vitabu vya sauti, hata kama huuzi kwao. Wastani wa sauti, yaani RMS, uwe kati ya desibeli -23 na -18. Kilele kisivuke -3. Kelele ya chumba iwe chini ya -60. Kila sura faili lake, lisizidi dakika 120, MP3 ya kilobiti 192 kwenda juu, 44.1 kHz. Programu ya Audacity ni ya bure na ina kipimo cha kuongezea kiitwacho ACX Check, kinakuambia umefaulu au umefeli.

Kosa likitokea usisimamishe mashine. Piga kofi moja, kwenye mawimbi utaona mlingoti, arudie sentensi nzima toka mwanzo. Sentensi nzima, siyo neno! Neno la kupandikiza linajulikana hata na mtoto.

Jamaa wa Raskazone:

Mimi ndiye nilimshauri kugawana mauzo na bado nasimama hapohapo. Mwalimu mstaafu atoe wapi laki kadhaa? Kitabu kikitembea mnakula wote.

Mhariri Huru:

Jamaa, kugawana mauzo kunataka mtu wa tatu anayehesabu. Kwenye ACX mtayarishaji na mwandishi wanaweza kugawana kwa sababu duka ndilo linalokusanya hela na kutoa hesabu. Huku faili linatoka kwenye simu ya mwalimu. Ataandika kila muamala? Na mnunuzi wa kwanza akilitupa kwenye grupu la watu mia mbili, mnagawana nini? Mnatafuta ugomvi na mama wa watu. Na ACX yenyewe, mara ya mwisho nilipoangalia ilikuwa inasajili wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland, kwa hiyo usiweke matumaini huko.

Mtoto wa Ngamiani, toza kwa saa iliyokamilika, yaani saa ya sauti safi iliyo tayari kusikilizwa. Usitoze kwa saa za kukaa studioni, utamwogopesha, na kila akikohoa atadhani hela inakwenda. Pima hivi: asome kurasa nane kwa mwendo wake, tazama saa. Tuseme ni dakika 20 na kitabu kina kurasa 210. Hiyo ni dakika 525, saa nane na dakika 45. Ukiweka, mfano tu, 80,000 kwa saa iliyokamilika, jumla ni laki saba. Kabla hujasema ni nyingi, hesabu jasho lako. Mimi kila saa iliyokamilika naiwekea mbili za kurekodi, tatu za kuhariri na moja ya kusikiliza huku naifuata karatasi. Kama unataka kumpunguzia kwa heshima, punguza, lakini aone bei kamili kwanza, kisha aone punguzo. Alipe kwa mafungu, fungu kila baada ya sura kadhaa.

Kwenye karatasi ya makubaliano andikeni nani anamiliki sauti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaangalia maandishi peke yake, msomaji peke yake na aliyerekodi peke yake. Ukimya hapo ndio unaoleta kesi. Andikeni pia kwamba kosa lako unalirekebisha bure, ila yeye akibadilisha maandishi baada ya kusoma, analipia. Waandishi wanaojichapishia hawaachi kubadilisha! Wakisikia sentensi yao kwa sauti ndipo wanaiona mbovu. Kwa hiyo mwambie asome kitabu chote kwa sauti nyumbani akiwa na kalamu, abadilishe anavyotaka, halafu afunge. Kwenye riwaya za watu ninazozipitia, nusu ya masahihisho huzaliwa hapo. Na tengeneza karatasi moja ya majina yote, watu na mashamba, yanavyotamkwa.

Humo ndani kuna mashairi?

Mtoto wa Ngamiani:

Yapo matatu. Mizani nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho, kayatunga mwenyewe. Mawili ni ya msibani.

Msanii wa Kaole:

Aghani! Asisome, aghani. Hapo huna mtu Tanga nzima utakayemlipa akafanya kama yeye. Yarekodi siku ya peke yake, ila maiki isogee nyuma kidogo maana akighani sauti inapanda.

Kifaru Mpole:

Siku hizi kompyuta inasoma yenyewe, kwa nini mnahangaika?

Bi Mkubwa wa Chumbageni:

Ikaghani msiba?

Mtoto wa Ngamiani:

Wakuu narudi na majibu. Nilikwenda kwake Ijumaa baada ya swala, nikasema lile la kidole kama nilivyofundishwa. Akacheka, akasema darasani sikuwahi kunyoosha. Jana tumeanza upya. Binti yake kakaa mbele yake, bangili mezani. Nilinyoosha mara nyingi tu. Mahali pa nyapara nikamuuliza nani anasikia, akafikiri, akasema "mkewe yule mtu, yuko mlangoni", akairudia kwa sauti ya chini kabisa. Nywele zilinisimama. Nikampa spika asikilize ya zamani na ya jana. Akazivua, akaomba penseli, akaanza kuchora vimistari vya pumzi kwenye sura ya pili.

Imla bado ipo kwenye maelezo ya mandhari. Mazungumzo yamekaa.

Bei kaikubali kwa mafungu manne, na punguzo kalikataa. Kasema nisimfanye maskini.

Fundi Waya, ukimya wangu unasoma -54, nimeshaweka magodoro. Nifanyeje?

Fundi Waya:

Friji iko chumba cha pili?

Mtoto wa Ngamiani:

Ipo. Ya mama mwenye nyumba, anauza ubuyu wa barafu.

Fundi Waya:

Ndiyo hiyo. Mlipe chochote aizime hizo saa mbili na nusu, au hamia chumba cha mbele. Ukishapima tena weka namba hapa.