Naomba ushauri: real64 ao selected_real_kind?

Wandugu, jambo. Niko Goma, nashughulika na programu ya Fortran (lugha ya kuandikia programu za hesabu) inayokokotoa uzito wa maji ya ziwa Kivu tabaka kwa tabaka. Maji ya chini ni mazito kwa sababu ya chumvi na gesi, lakini tofauti ni ndogo sana. Tarakimu 6 ao 7 za real (namba ya desimali) ya kawaida hazinitoshi, nahitaji 15.

Kodi niliyoipokea inaomba usahihi huo kwa njia zilizochanganyika: huku real*8, ambayo haimo kabisa katika kanuni za lugha, huku double precision, huku real(8). Hii ya mwisho ndiyo inanisumbua zaidi, maana kila kompaila (programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine) inajichagulia namba ya kind, yaani aina ya real. Kwa kompaila ya gfortran ni 8, kwa ile ya NAG kwa kawaida ni 2.

Nataka moduli moja yenye wp (jina nililoipa kind nitakayotumia), faili zote ziitumie. Niandike wp = real64 ya moduli ya iso_fortran_env (imo tangu Fortran 2008), ao selected_real_kind(15, 307), yaani tarakimu 15 na kipeo cha 10 hadi 307? Ya kwanza inataja biti, ya pili inataja usahihi wenyewe. Mimi naelekea ya pili, ila sehemu fulani inaita maktaba ya lugha ya C yenye c_double (kind ya namba za double za C). Zitapatana?

Tena, 0.1 bila _wp mwishoni (0.1_wp) inageuka 0.10000000149 hata ukiiweka ndani ya real(wp). Namba za hivyo zimejaa kila faili. Kuna wanaosema niweke tu -fdefault-real-8, chaguo la gfortran linalofanya real zote za kawaida ziwe za biti 64. Sipendi: mwenzangu akikompaili bila hiyo, matokeo yanabadilika kimya kimya. Wakubwa mliozoea, mnazirekebisha vipi?