Kwa nini duka la Indiana likatazwe kunitumia mvinyo ambao duka la Michigan linaruhusiwa kunitumia?

Wakuu, nimeishi Michigan muda wa kutosha kuzoea mengi, lakini hili la mvinyo limenikaa kooni. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta chupa sita za mvinyo mwekundu wa Ureno ambao maduka ya karibu nami hayauzi, nikazipata kwenye duka moja la Indiana, jimbo tunalopakana nalo. Nilijaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kadi, lakini nilipoandika msimbo wa posta, kitufe cha kulipia kikafifia na maandishi mekundu yakatokea: hatutumi mzigo katika jimbo lako. Nikapiga simu. Mhudumu akanijibu kwa upole kwamba wangefurahi kuniuzia, ila sheria ya Michigan ndiyo inayowazuia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sheria hiyo haikatazi mvinyo kusafiri. Duka lililomo Michigan linaweza kuniletea mvinyo hadi mlangoni kwa kampuni ya usafirishaji, na mtengenezaji wa California mwenye kibali cha Michigan anaweza kufanya hivyohivyo. Anayefungiwa mlango ni muuzaji wa rejareja wa jimbo jingine peke yake. Sasa huyo kijana wa chini ya miaka 21 tunayeambiwa kwamba analindwa, analindwaje hapo? Mzigo wowote wa mvinyo, utoke duka gani, unatakiwa kukabidhiwa kwa mtu mzima aliyeonyesha kitambulisho na kutia saini.

Watetezi wa sheria hukimbilia Marekebisho ya 21 ya Katiba, yaliyofuta marufuku ya pombe mwaka 1933 na kuyapa majimbo mamlaka ya kudhibiti pombe inayoingia kwao. Mamlaka hayo siyakatai. Lakini mwaka 2005, katika kesi ya Granholm v. Heald iliyoihusu Michigan hiihii pamoja na New York, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba hayahalalishi kuwabagua watengenezaji wa mvinyo wa majimbo mengine. Mwaka 2019, safari hii kwa kura 7 dhidi ya 2, ikaifuta sheria ya Tennessee iliyomtaka anayeomba leseni ya duka la pombe awe amekwisha kuishi humo miaka miwili.

Pamoja na hayo yote, sisi bado tunabanwa na sheria iliyopitishwa na Bunge la Michigan mwaka 2016. Mfanyabiashara mwenye maduka Fort Wayne, Indiana, aliipinga akashinda mwaka 2018 mbele ya jaji wa shirikisho. Mwaka 2020 mahakama ya rufani ya Cincinnati ikaupindua ushindi huo, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikakataa kulisikiliza shauri lake. Hoja iliyombwaga ni mfumo wa ngazi tatu, ambamo mtengenezaji humuuzia muuzaji wa jumla, wa jumla humuuzia wa rejareja, naye ndiye anayetuuzia sisi. Duka la Indiana halinunui kwa wauzaji wa jumla wa Michigan, ambao sheria inawazuia kumpunguzia bei anayenunua kwa wingi, kwa hiyo likiruhusiwa, eti bei zitashuka na watu watakunywa zaidi. Mbona mtengenezaji wa California anapoleta mvinyo mlangoni kwangu naye anamruka huyohuyo muuzaji wa jumla, na jimbo limempa kibali? Kwa maoni yangu anayelindwa hapa ni muuzaji wa jumla, na si ajabu kwamba chama chao kiliingia katika kesi hiyo kuitetea sheria bega kwa bega na serikali ya jimbo.

Nimemwandikia mbunge wangu wa jimbo kumwomba maduka ya nje yapewe kibali kama walichopewa watengenezaji, kwa masharti yaleyale, na kodi ya Michigan niko tayari kuilipa yote. Hadi leo hajanijibu. Walioko majimbo mengine, je, kwenu maduka ya nje yanaruhusiwa kuwatumia, na ilichukua nini hadi sheria ikabadilishwa?