Kidato cha Kwanza Tanga Mjini: kutwa kwa daladala, hosteli, chumba cha kupanga au bweni?

Mzazi_Pongwe
Habari za humu ndugu zangu. Binti amepangiwa sekondari ya serikali ya kutwa mjini, na nyumbani ni Pongwe. Tunapima njia nne: aende na kurudi kila siku, akae hosteli ya shule, apangiwe chumba karibu na shule yeye na wenzake wawili, au tuombe ahamishiwe shule ya bweni. Naomba ulinganisho wa gharama, masomo na usalama. Mkiniambia "inategemea", niambieni inategemea nini.

Baba_Duga
Iondoe kwanza hiyo njia ya nne. Shule za bweni za kitaifa, ziwe za vipaji maalumu kama Kilakala na Msalato au za ufundi kama Tanga Ufundi, hujazwa kwa ufaulu wa darasa la saba kupitia uchaguzi wa TAMISEMI. Barua ya mzazi peke yake haimwingizi mtoto. Bweni la kawaida linaweza kumpokea pale tu penye kitanda, na vitanda hujulikana baada ya waliopangiwa kuchelewa kuripoti. Wakati mnasubiri, mtoto aanze masomo alikopangiwa.

Sasa daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, na mwaka una siku 194 za masomo. Gari moja kwenda na moja kurudi ni 400 kwa siku, yaani 77,600 kwa mwaka. Shule ikiwa Sahare au Raskazone na ikabidi aunganishe gari la pili, inakuwa 800 kwa siku, 155,200 kwa mwaka. Kwa hiyo upande wa mji ilipo shule ni swali la kwanza kabisa.

Nauli yenyewe si shida kubwa. Shida ni konda wa asubuhi, anayetaka kiti kikaliwe na mwenye nauli kamili. Mtoto apandie gari linapoanzia safari, siyo njiani, avae sare na abebe kitambulisho. Masika, Machi hadi Mei, aondoke nusu saa mapema.

Mwalimu_Maabara
Ndugu mzazi, andika ratiba ya siku nzima kwenye karatasi kabla ya kuamua. Mtoto wa mbali anaamka saa 10 usiku, anarudi saa 11 jioni. Akifika anakuta vyombo, maji na wadogo zake. Wengi wa kutwa huangushwa hapo, si darasani. Kama nyumbani mtaweza kumlindia saa mbili kila jioni, meza, taa na hakuna kutumwa dukani, basi kutwa ya nyumbani inaishinda hosteli isiyo na msimamizi. Msipoweza, hosteli yenye prepo (kujisomea darasani) ya saa 1 hadi saa 3 usiku inayosimamiwa kweli itamsaidia zaidi.

Jambo jingine ni wiki za mwanzo. Mtoto anatoka shule ya msingi ya Kiswahili na kukuta karibu kila somo kwa Kiingereza, na wiki hizo ndizo za kozi ya awali ya lugha. Anayeripoti Machi kwa sababu sare haijashonwa ameikosa yote, na fizikia ataisoma kama anayesikiliza redio ya nchi nyingine. Mpelekeni na sare ya shule ya msingi, apokelewe, nyingine zitafuata.

Vitabu msinunue barabarani kabla ya kuuliza shuleni, maana mtaala umebadilika na mitaani bado kuna vya zamani. Vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao yao. Na msidharau upimaji wa Kidato cha Pili: alama zake huingia kwenye maendeleo yanayojumlishwa na mtihani wa Kidato cha Nne.

Kidato6_HGL
Shikamooni wakubwa. Kuhusu gheto, yaani hicho chumba cha kupanga, niseme lililo wazi. Bei ya chumba mnaijua, lakini hamjahesabu mkaa, mafuta ya kula, maji ya dumu, umeme na muda. Msichana anayepika mwenyewe anatumia karibu saa mbili kila jioni, na pesa ya wiki ikiisha Alhamisi, mtu wa kumkopesha yupo nje ya mlango akimsubiri. Sheria ni kali, miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini huja baada ya jambo kutokea. Kidato cha kwanza asikae gheto.

Mama_Makorora
Mwanangu umesema kweli. Mimi naongeza njia ya tano: ndugu wa mjini, Ngamiani au Chumbageni. Lakini masharti yasemwe siku ya kumpeleka, mbele ya mtoto na mbele ya shangazi mwenyewe. Kazi gani za nyumbani, analala wapi na nani, saa ngapi lazima awe ndani. Pelekeni mchango wa chakula kila mwezi bila kuombwa. Mtoto anayeonekana mzigo hugeuzwa msaidizi wa kazi taratibu, na hakuna atakayewaambia. Mwalimu, hapo kwenye saa mbili za jioni ndipo wengi hushindwa, hasa kwa mabinti. Kaka yake hasumbuliwi hata kidogo.

Matroni_Mstaafu
Kabla ya kulipia hosteli, nenda ukaione siku ya kazi bila taarifa. Hesabu matundu ya choo na uulize wasichana wako wangapi. Angalia tangi la maji lina ujazo gani na bomba likikauka maji yanatoka wapi. Uliza nani analala ndani ya uzio usiku. Matroni anayelala kwake si matroni wa usiku. Tazama madirisha: nondo nzuri, lakini mlango wa pili wa dharura uwepo, usifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani uliko.

Vifaa: godoro la futi mbili na nusu kwa sita, jozi mbili za shuka, chandarua chenye dawa (Tanga malaria ipo mwaka mzima), tranka na kufuli, ndoo mbili zenye mfuniko, moja ya kuogea na moja ya kuhifadhi maji. Andika jina kwa rangi kwenye godoro lenyewe, siyo kwenye foronya.

Yanayowasumbua sana ni upele na kunguni, na yote mawili hurudi kwa sababu tiba hufanywa nusu. Upele ukimpata mmoja, chumba kizima kitibiwe usiku huohuo. Dawa ya BBE ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni kwa kipimo atakachotoa mhudumu wa zahanati, siyo pale panapowasha tu. Shuka na nguo zichemshwe. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko wiki nzima. Muwasho huweza kuendelea wiki mbili baada ya wadudu kufa. Hapo mzazi hudhani dawa imeshindwa, kumbe ngozi inapona.

Kunguni hawafi kwa njaa ya likizo, wanakaa miezi bila kula. Maji yanayochemka yamwagwe kwenye maungio ya kitanda cha chuma, godoro lianikwe na mishono ikaguliwe. Kisha rudieni baada ya wiki mbili, maana mayai yaliyobaki huwa yameanguliwa.

Mzazi_Pongwe
Mama asante sana, hayo ya choo na mlango wa pili sikuyafikiria. Je, hosteli inalipwaje wakati elimu ni bila ada? Na nikitaka kumhamishia shule ya karibu na Pongwe, nianzie wapi?

Mhasibu_wa_Shule
Ada ya sekondari ya kutwa, 20,000 kwa mwaka, ilifutwa tangu 2016 na serikali huifidia shule. Chakula cha hosteli za shule za kutwa ni jambo jingine: hicho huchangiwa na wazazi. Mchango halali umepita kikao cha wazazi na una kibali. Omba muhtasari wa kikao, omba kontro namba, lipa benki au kwa simu, tunza risiti. Usimpe mwalimu yeyote pesa mkononi, hata kama ni mwema.

Uliza pia kiasi wanachopika. Unga gramu 250 na maharage gramu 80 kwa mlo mmoja, kwa siku 194, ni karibu kilo 49 za unga na kilo 16 za maharage kwa mtoto mmoja. Mchango wa mlo huo mmoja ukiwa mkubwa kuliko bei ya vitu hivyo, kuni na mshahara wa mpishi, uliza tofauti inakwenda wapi. Hata mtoto wa kutwa achangiwe mlo wa mchana. Saa 7 mchana bila chakula, kipindi cha mwisho cha hesabu hakiingii.

Baba_Duga
Uhamisho ndani ya Jiji la Tanga: andika barua kwa mkuu wa shule aliyopangiwa, upate uthibitisho wa maandishi wa nafasi kutoka shule unayoitaka, kisha vyote viende kwa afisa elimu sekondari wa Jiji. Ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine, ngazi ya mkoa inahusika.

Kibali kikitoka, usiondoke shuleni kabla taarifa zake hazijahamishwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa Baraza la Mitihani. Namba yake ikibaki shule ya zamani, atasoma vizuri kabisa hapo Pongwe, halafu ukija usajili wa upimaji wa Kidato cha Pili jina lake halimo. Muombe mwalimu wa taaluma wa shule mpya akuonyeshe jina kwenye orodha yake, ulisome herufi kwa herufi ukilinganisha na cheti cha kuzaliwa.