Ushauri: Wimbo wa marehemu baba umefufuka, nitie saini au nisitie?

mtoto_wa_sanduku

Asalaam alaykum. Mnivumilie, maelezo marefu kidogo.

Marehemu baba alikuwa mwimbaji wa kidumbak, ile taarab ya mitaani ya kuchezwa harusini, huku Ng'ambo, Unguja. Si mtu wa jina kubwa. Mchana kuli bandarini, usiku wa harusi anaimba. Wenziwe walikuwa wanne watano: wa sanduku (besi ya sanduku la chai), wa fidla, wa vidumbak (vingoma vidogo), na wa cherewa na mkwasa (manyanga na vijiti). Amefariki 1994. Mwaka 1987 walipiga harusi moja Miembeni, mtu akawarekodi kwa redio kaseti, na ile kanda ikabaki kabatini kwetu miaka yote.

Mwaka juzi binamu yangu aliitia kwenye simu akairusha grupu la ukoo. Basi, ikatoka hapo ikenda zake. Sikukuu iliyopita niko Mnazi Mmoja na wanangu, nasikia sauti ya baba inatoka kwenye spika za muuza chipsi. Imewekewa midundo ya kompyuta chini, imeongezwa kasi, na vijana wanajirekodi wakicheza. Nilisimama pale na askirimu ya mtoto mkononi mpaka ikanimwagikia kwenye kanzu.

Sasa kaja kijana mwenye studio. Anasema ndiye aliyeitia hiyo midundo, anataka autoe rasmi. Kaleta karatasi moja: laki tatu, na sisi tunamwachia "haki zote, popote, milele". Kaka yangu anataka tutie saini kesho. Mama hataki, na ukimuuliza kwa nini anakwambia "niacheni". Pia tuna mama wa kambo Wete, Pemba, na ndugu zetu watatu. Na wao wana chao humu?

kikwajuni_juu

Laki tatu milele! Hata kibanda cha Darajani hukodishwi milele. Usitie.

abu_khamis

Wa alaykum salaam. Kuhusu ndugu wa Wete, kama ni mali ya marehemu basi ni mirathi, haina wa hapa wala wa kule. Mama yako na mama yenu wa kambo wanagawana thumni (fungu moja katika manane), watoto ndio wenye kinachobaki, mwanamme mafungu mawili ya mwanamke. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana wakupigieni hesabu. Kaka yako peke yake hana saini ya kuuza.

Na mama mwacheni. Pengine hapendi mumewe aliyelala kaburini aimbe kwenye viuno vya watu. Lina uzito hilo.

mtoto_wa_sanduku

Ami, hata mie nilidhani ni dini. Lakini kanda ile ile akiisikiliza jikoni akisonga ugali.

fidla_mbovu

Ngoja kwanza, mnagawana kitu hamjakijua ni cha nani.

Nimepiga kidumbak miaka kumi na tano. Sisi ni watu wa kuazima, na si siri. Unachukua wimbo wa taarab unaojulikana, wa klabu ya Culture au ya Ikhwani Safaa, unaukatia ubeti mmoja miwili, unaunganisha na mwengine, kasi inapanda mpaka bibi harusi mwenyewe anainuka. Katikati unachomeka maneno yako ya kuchekesha watu. Kwa hivyo wimbo mmoja wa dakika ishirini unaweza kuwa na wenyewe wanne.

Katika nyimbo zetu kuna mtunga shairi, kuna mtia muziki, kuna mwimbaji. Mara nyingi ni watu watatu mbalimbali, na watu wanamkumbuka wa tatu tu. Baba yako aliimba, sawa. Alitunga? Kama maneno ni yake, haki inabaki kwa warithi, na haipungui miaka hamsini tangu afe. Kama si yake, mnayo ile ya sauti yake tu, nayo ni haki nyengine. Tena huyo kijana kuongeza midundo hakumfanyi mwenye wimbo, ila ile midundo yake ni yake.

Sikilizeni kanda pole pole, muandike kila ubeti na alikotoka. Kisha nendeni COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya 2003, msidanganywe mukenda COSOTA, ile ya Bara.

dj_malindi

Mie napiga maharusi, nasema ukweli wangu. Huo wimbo nnao, kila kesha wanawake wanauomba, na mie sijamlipa mtu. Wenzangu pia. Msitegemee hela za simu zitakujengeeni nyumba Fuoni. Lakini akiutoa rasmi ukachukuliwa na tangazo la biashara, hapo ndipo pesa ilipo, na ndio maana kataka "popote, milele". Mwambieni aandike muda, aandike asilimia, na jina la mzee liwe mbele. Akikataa mumeshajua.

kaka_mtu_wa_saini

Mie ndie huyo kaka. Laki tatu mkononi, nyie mnaniambia asilimia. Asilimia ya nini? Mama ana dawa za presha za kila mwezi.

dj_malindi

Kaka, laki tatu zikisha, dawa utanunua na nini?

shangazi_wa_kisimamajongoo

Wanangu, samahani naingilia. Huo wimbo nimeusikia kwa wajukuu zangu. Ule ubeti wa jiko la mkaa, unaomwambia mtu ajipashe moto kwake asije kukoka moto wa mwenziwe, huo si wa klabu yoyote. Mie nazijua nyimbo za Culture na za Ikhwani, na nimekulia kwenye zile za kushindana za kina mama, Sahib el-Ari na Nuru el-Uyun, mama yangu akiziimba akitwanga. Haumo. Hayo ni maneno ya mwanamke, tena anayo mtu wake aliyemkusudia. Mwanamme hatungi vile. Muulizeni mama yenu, lakini mtu mmoja tu, na pasiwe na mkwe karibu.

mtoto_wa_sanduku

Narudi. Imenichukua siku tatu.

Nilimkuta anachagua mchele, nikakaa chini nikachagua na mie. Nikamsomea ule ubeti wa jiko. Akanyamaza, halafu akanisahihisha neno moja, kwamba baba aliliimba vibaya na yeye alimkasirikia usiku mzima. Akaendelea akanisomea beti tatu ambazo hata kwenye kanda hazimo.

Ni zake. Alizitunga 1986, mwaka baba alipooa Wete. Kuandika alikuwa hajui, akimtia baba kichwani mpaka akahifadhi. Baba akaimba mbele ya watu akidhani ni mzaha wa jirani. Sasa mama anasema mjukuu wa yule bibi wa Wete kamrushia mwanangu video, na yule mwenyewe yumo ndani anacheza, mtu mzima, anapiga makofi. "Mpaka leo hajajua kama ni yeye," kasema mama. Alicheka mpaka akatoa machozi, mie sikujua nicheke au vipi.

fidla_mbovu

Subhanallah. Basi maneno ya beti hizo si mirathi. Mwenyewe yuhai. Saini ya maneno hayo ni yake yeye peke yake, wala si ya kaka wala ya Wete. Warithi mmebaki na sauti ya mzee.

kaka_mtu_wa_saini

Nimesoma. Nimemtumia salamu yule kijana asije.

shangazi_wa_kisimamajongoo

Zile beti tatu nyengine zirekodini wiki hii hii. Na huko Wete msiseme kitu.

mtoto_wa_sanduku

Tunakwenda COSOZA Jumatatu, mama kashatoa buibui jipya. Sharti lake moja: wimbo ukiandikishwa, jina lake lisitajwe redioni maadamu bibi wa Wete yuhai. Hilo linawezekana kisheria? Mwenye kujua anijibu kabla ya Jumatatu.