Mama alipigwa mionzi ya kichwa, sasa picha inaonyesha uvimbe umeongezeka

Binti_Kondele: Habari zenu wanajukwaa. Niko Kisumu, naandika usiku huu kwa kuwa usingizi umenikataa. Mama yangu ana miaka 58. Alipatikana na uvimbe usio wa saratani kwenye neva ya kusikia, upande wa kushoto. Februari tulimpeleka Nairobi akapigwa mionzi ya kulenga uvimbe wenyewe, siku moja tu, bila kupasuliwa. Jioni alikula ugali wake vizuri, tukamshukuru Mungu.

Huu ni mwezi wa saba tangu apigwe mionzi. Kizunguzungu kimemshika, akiamka lazima ashike ukuta. Shavu la kushoto lina ganzi. Picha ya emarai (MRI) ya juzi inasema uvimbe umekua kidogo na katikati umekuwa mweusi. Wajomba wanasema mionzi imeshindwa, afunguliwe kichwa. Daktari amempa deksamethasoni, dawa ya kupunguza kufura kichwani, turudi baada ya miezi mitatu. Mama ana sukari pia. Tungoje kweli?

Mzee_wa_Njoro: Pole sana binti. Mimi nilitibiwa uvimbe kama huo 2019. Mwezi wa nane baada ya mionzi nikaambiwa umeongezeka, mke wangu akalia siku nzima. Uvimbe wa aina hii mara nyingi hufura kati ya mwezi wa sita na mwaka mmoja na nusu, halafu hutulia. Ule weusi wa katikati mara nyingi ni sehemu iliyokufa kwa mionzi. Wangu ulianza kunywea mwaka wa pili. Lakini nisikufiche: sikio langu liliendelea kufifia, na halikurudi. Msikimbilie kisu kwa picha moja. Beba sidii ya picha za kabla ya mionzi na hii mpya, daktari wa upasuaji na yule wa mionzi wazitazame kwa pamoja.

Nesi_Kakamega: Nakubaliana na mzee. Watu husikia "mionzi" wakadhani uvimbe utatoweka. Lengo ni kuuzuia usikue. Ukibaki na ukubwa uleule miaka kumi, tiba imefaulu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi hapa ni ile deksa. Inapunguza maji na kufura kichwani, ila inapandisha sukari vibaya. Dada, mnampima? Ameze asubuhi baada ya kula, maana usiku itamnyima usingizi. Na msiikatishe ghafla hata akijisikia nafuu, hupunguzwa kidogokidogo kwa maelekezo ya daktari. Akianza kutapika na kichwa kumuuma sana, kusinziasinzia, kuona vitu viwili, kupaliwa anapomeza au kushindwa kabisa kutembea, msingoje hiyo miezi mitatu. Maji yanaweza kuwa yamejaa kichwani.

Shemeji_Bungoma: Dada yangu alikuwa na meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, naye akapigwa mionzi. Yeye mwezi wa tano baada yake alipata kifafa, akawekwa kwenye dawa, sasa anauza mboga sokoni kama zamani. Nywele hazikunyonyoka. Uchovu ndio uliomsumbua sana, wiki nzima za kulala mchana. Usimlazimishe mama kazi za nyumbani.

Binti_Kondele: Asanteni, nimesoma nikalia. Nesi, hatukuwa tunapima, hakuna aliyetuambia. Nimeazima mashine ya jirani sasa hivi: sukari 19.2, iko juu sana. Anakunywa maji bila kukoma na tulidhani ni joto. Kaka ameenda kutafuta tuktuk, tunampeleka Russia, hospitali kuu ya rufaa hapa Kisumu, usiku huuhuu. Sidii zote mbili ziko kwenye mkoba.

Nesi_Kakamega: Nendeni na karatasi ya deksa. Waambie ameimeza siku ngapi.